Ordinatere inapowaka, nani anaanzisha kazi?

Watu wenye ordinatere mbili, moja ya ofisi na moja ya nyumbani, wanapenda maandiko yao yawe sawasawa pande zote mbili. Kwa kazi hiyo kuna programu za kulinganisha faili. Moja ni Syncthing, iliyoanza mwaka 2013. Ni ya bure, nayo inapeleka faili toka mashini hata mashini, pasipo kuziweka kwanza katika ordinatere za kampuni fulani.

Lakini programu isiyoanzishwa haifanyi kazi. Umeme unakatika usiku, unarudi asubuhi. Mashini iliyopangwa hivyo inawaka yenyewe, lakini programu inabaki imelala. Mwenyewe anadhani maandiko yake yamefika upande wa pili, kumbe yaliyoko kule ni ya juma lililopita. Basi, tuone namna ya kuianzisha pasipo mkono wa mtu.

1. Kuwaka si kuingia

Hapa wengi wanachanganya mambo mawili. Kuwaka ni mashini kupata umeme na kuamsha mfumo wake. Kuingia ni mtu kuandika jina lake na neno lake la siri. Katikati yake panaweza kupita saa moja ao siku tatu. Programu iliyopangwa ianze mtu anapoingia, itamngoja mtu huyo. Kwa ordinatere inayofunguliwa na mwenyewe kila asubuhi, hiyo yatosha. Kwa ile inayokaa peke yake chumbani ili itunze faili za wengi, haitoshi.

2. Namna ya kuagiza

Katika Linux nyingi, kama vile Debian tangu toleo la 8 la mwaka 2015, systemd ndiye anayeamka kwanza na kuamsha wengine. Tuseme mtumiaji anaitwa paulo. Mwenye mamlaka juu ya mashini anaandika:

systemctl enable --now syncthing@paulo.service

Neno enable ni agizo la siku zijazo: kila mara mashini inapowaka, anzisha. Neno --now linaongeza: anza hata sasa. Anayeandika start peke yake ataona kazi inakwenda vema leo, lakini mashini ikizimika, kazi nayo itakwisha. Tena, jina paulo halikuwekwa bure: programu inafanya kazi kwa haki za paulo tu, haigusi faili ambazo yeye hana ruhusa ya kuzigusa.

3. Hatari ya kuanza mapema

Mtu aweza kuuliza: kama maandiko yamo katika diski ya nje, na programu ikaanza kabla ya diski kuwa tayari, je, haitaona dosie tupu, ikadhani kwamba vyote vimefutwa, ikafuta na upande wa pili?

Swali hilo ni la haki. Jibu ni hili: ndani ya kila dosie Syncthing inaweka alama iitwayo .stfolder. Isipoiona, inasimamisha dosie ile na kutoa onyo, haifuti kitu. Kwa hiyo onyo hilo likitokea, tazama kwanza kama diski iko. Usitengeneze alama mpya kwa mkono katika dosie tupu ili onyo liondoke, maana hapo ndipo utakapoifungulia hasara mlango. Afadhali systemd aagizwe kungoja diski: katika mpango wa kazi hiyo unaongezwa mstari RequiresMountsFor= pamoja na njia ya kufikia dosie.

4. Kupima

Agizo lisilopimwa si la kutegemea. Zima mashini, iwashe tena, wala usiingie. Nenda kwenye ordinatere ya pili, badili faili moja, ungoje kidogo. Kisha rudi, uingie, uandike:

systemctl status syncthing@paulo.service

Hapo utaona saa ambayo kazi ilianza. Kama ni kabla ya wewe kuingia, na faili imebadilika, mambo ni sawa.

Neno la mwisho: kulinganisha si kuweka akiba. Faili iliyofutwa hapa kwa bahati mbaya inafutwa na kule, tena upesi, kwa kuwa programu haisinzii. Basi, nakala ya tatu ikae katika diski iliyotolewa na kufungiwa sandukuni.