Kazi Zinazojirudia Katika Kompyuta

 

Kila mkulima wa korosho anaijua kazi ya salfa. Maua yakianza kuchanua, mti hupuliziwa; baada ya siku 14 hupuliziwa tena, ili ubwiriunga usiyakaushe. Huamui upya kila asubuhi, kwa kuwa kanuni imekwisha wekwa. Kompyuta nayo inazo kazi za namna hii.

Tuseme chama chenu cha msingi huandika katika kompyuta uzito wa korosho za kila mwanachama. Kila usiku maandishi hayo hayana budi kunakiliwa na kuwekwa mahali pengine. Mashine ikiharibika bila nakala, nani atakumbuka kilo zako? Lakini karani hawezi kukesha. Basi kazi hupewa mlinzi wa zamu: programu ndogo iitwayo kroni, iliyotungwa Marekani katika miaka ya 1970. Kila dakika huamka, hutazama saa na orodha yake ya kazi. Isipoona kazi ya dakika ile, hulala tena.

Kila kazi ina mstari wake, nao huanza kwa nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya juma. Nyota maana yake ni "kila". Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni:

0 20 * * *

Someni pamoja: dakika sifuri, saa 20, kila tarehe, kila mwezi, kila siku ya juma.

Saa 20 ni saa ngapi? Hapa wengi hukosea, hata mimi nilikosea. Kompyuta huanza kuhesabu saa sita ya usiku. Sisi huanza jua linapochomoza. Saa 20 yake ni saa mbili ya usiku kwetu. Karani akiandika 2, kazi itafanyika saa nane ya usiku. Tena ziko mashine zinazofuata saa ya Greenwich, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Kwa hizo, 20 ni saa tano ya usiku.

Na kama mashine imezimika saa hiyo? Kroni ya kawaida hailipi deni. Usiku huo umepita bila nakala, wala hakuna atakayeambiwa. Kwa hiyo karani atazame kila asubuhi kama nakala ya jana ipo.

Zoezi: Chama kinataka nakala kila Jumapili, saa tatu ya usiku. Jumapili huandikwa 0. Andikeni mstari wake. Jibu tutalisoma mwanzoni mwa somo lijalo.