Kumtimua Kocha Hakukomazi Muwa

Juni 2, 2018, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Mtibwa Sugar iliifunga Singida United mabao 3-2 na kutwaa Kombe la Shirikisho la Azam. Kocha alikuwa Zuberi Katwila, aliyewahi kuichezea timu hiyo kabla ya kukabidhiwa kuifundisha. Oktoba 2020 Katwila alibwaga manyanga, akaelekea Ihefu. Mwaka 2023 akarudi Manungu, nyumbani kwa Mtibwa, na msimu wa 2023/24 ulipofungwa, Wakata Miwa hao wakashuka daraja.

Mtu ni yule yule, klabu ni ile ile, na uwanja wa mazoezi ni ule ule uliozungukwa na mashamba ya miwa ya Turiani, mkoani Morogoro. Aliyeipa timu kombe ndiye aliyekuwa amekaa benchini timu ilipozama. Anayemsifu Katwila ana ushahidi mkononi, na anayemlaumu anao pia. Mimi kazi yangu ni kusoma takwimu za michezo, na kila benchi la ufundi linapobadilishwa naulizwa swali moja: je, kuondoka kwa kocha kutasaidia? Jibu langu huwakera wengi, kwa hiyo leo nalieleza kwa kirefu.

Hasira yenye sababu

Nianze kwa kuwatetea mashabiki. Shabiki wa Morogoro anapopaza sauti kwenye majukwaa ya Uwanja wa Jamhuri, milima ya Uluguru ikimtazama, hadai kitu ambacho mkoa wake haujawahi kukionja. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilikuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Baadaye ikaja Reli, iliyobatizwa Kiboko ya Vigogo kwa sababu Simba na Yanga hazikuwa na uhakika wa kuondoka salama zilipokutana nayo. Mwaka 1999 Mtibwa ikawa bingwa, na mwaka 2000 ikarudia. Tangu hapo mpaka msimu wa 2024/25, ubingwa wa ligi haujatoka Dar es Salaam: umezunguka kati ya Simba, Yanga na, mara moja, Azam.

Mtu aliyeyashuhudia hayo hawezi kufurahia kuona timu yake ikihesabu pointi za kujinusuru. Hasira yake inatokana na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni mali ya mkoa. Tatizo ni kwamba hasira hiyo hutafuta mtu wa kumwangukia, na aliye karibu zaidi ni yule aliyesimama pembeni mwa uwanja dakika zote 90. Wachezaji ni wengi, kuwafukuza wote haiwezekani. Viongozi wa klabu hawaonekani. Kocha ni mmoja, ana jina na ana sura.

Utafiti mmoja wa mwaka 2007, ulioongozwa na Michael Bar-Eli wa Israel, unatusaidia kuelewa jambo hili. Yeye na wenzake walichunguza penati 286. Waligundua kwamba makipa waliruka kushoto au kulia karibu mara 94 katika kila 100, ilhali kipa aliyebaki katikati ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokoa. Kwa nini basi wanaruka? Kwa sababu kipa akifungwa akiwa amesimama huonekana mzembe, lakini akifungwa akiwa ameruka, watu husema alijitahidi.

Uongozi wa klabu uko katika hali ya kipa huyo. Timu ikifungwa mara nne na uongozi ukatulia, jukwaa linauona umelala. Ukimtimua kocha, hata kama timu itaendelea kufungwa, angalau umeonekana kufanya kitu. Kelele za mashabiki ndizo zinazoufanya uongozi uruke, na kila kuruka kuna gharama: fidia ya mkataba uliovunjwa, mshahara wa kocha mpya, na wachezaji kuanza upya kujifunza.

Kwa nini kocha mpya huonekana dawa

"Lakini mbona akija mpya tunashinda?" Hilo ndilo pingamizi ninalokutana nalo kila mara, na ni la haki. Mara nyingi timu huokota pointi mara tu benchi linapobadilika. Tuangalie hesabu.

Chukua timu ya kawaida kabisa ya katikati ya msimamo. Tuseme katika kila mechi nafasi yake ya kushinda, kutoka sare na kufungwa ni sawa, theluthi moja kila upande. Haina mgomo, haina mgogoro, na kocha wake hajakosea lolote. Icheze mechi 30, kama zilivyo katika ligi yetu yenye timu 16. Uwezekano wa timu hiyo kufungwa mechi nne mfululizo, angalau mara moja ndani ya msimu, ni takriban moja kati ya tano. Kwa maneno mengine, katika ligi ya timu 16 za namna hiyo, tutarajie karibu timu tatu kila msimu zipigwe mara nne mfululizo kwa mapito ya bahati tu. Jukwaani hakuna atakayeita hiyo bahati. Wataiita kocha kuishiwa mbinu.

Sasa fikiria mwenyewe kocha hufukuzwa lini. Hafukuzwi timu ikiwa katika hali yake ya kawaida. Hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa. Na timu iliyoshuka chini ya kiwango chake, ikiachwa hivyo hivyo, kwa kawaida hupanda kurudi pale inapostahili. Kocha mpya hukabidhiwa timu wakati ambapo sehemu kubwa ya mabaya imekwisha kupita. Ni sawa na mgonjwa wa mafua anayekunywa dawa siku ya sita: siku ya nane akipona, ataisifu dawa.

Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alilipima jambo hili kwa mechi za ligi kuu ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Hakuishia kuzitazama timu zilizofukuza makocha. Alizilinganisha na timu zilizopatwa na anguko kama hilo hilo lakini zikamwacha kocha wao kazini. Zile zilizofukuza zilipanda, na zile zilizovumilia zilipanda vilevile. Kilichofuata baada ya anguko hakikutegemea kufukuzwa kwa mtu.

Benchi si jina moja

Je, ina maana kocha hana kazi? Hapana. Kocha ana kazi kubwa sana, ila kazi yake haionekani katika wiki tatu. Tunaposema benchi la ufundi tunazungumzia watu kadhaa: kocha mkuu, msaidizi, kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari, meneja wa timu, mtunza vifaa, na siku hizi mchambuzi wa video. Kocha mkuu akiondoka na watu wake, kinachoondoka ni ratiba nzima ya maisha ya mchezaji. Mazoezi ya nguvu hupangwa kwa miezi, na msingi wake huwekwa wakati wa maandalizi kabla ya msimu kuanza. Kocha wa viungo mpya akiingia katikati ya msimu na kuongeza mzigo ghafla, misuli ya paja ndiyo inayolipa. Mabeki waliozoeshwa kukabili kona kwa kulinda maeneo wakiambiwa Jumatatu kwamba sasa kila mtu amkabe mtu wake, Jumamosi watagongana.

Zaidi ya hayo, kocha anayeingia nje ya kipindi cha usajili anarithi wachezaji wasio chaguo lake. Mpaka dirisha dogo lifunguliwe, anapika kwa viungo vya jikoni kwa mwenzake.

Yapo mabadiliko yanayofaulu, na mfano mkubwa unatoka kwenye mchezo wa mpira wa magongo wa barafuni huko Amerika ya Kaskazini. Novemba 2018 klabu ya St. Louis Blues ilimfukuza kocha Mike Yeo na kumpandisha msaidizi wake, Craig Berube. Asubuhi ya Januari 3, 2019 timu hiyo ilikuwa ya mwisho katika ligi yote ya timu 31. Juni 2019 ilinyanyua Kombe la Stanley, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mashabiki duniani kote huitumia hadithi hiyo kudai makocha wao wafukuzwe.

Lakini isome kwa makini. Kwanza, aliyeingia alitoka ndani ya benchi lile lile. Wachezaji walimjua, naye aliwajua. Pili, wiki kadhaa za mwanzo za Berube hazikuwa na maajabu: alipokea timu Novemba, na Januari ilikuwa mkiani. Kama uongozi ungekosa subira wakati ule, naye angeondoka. Tatu, Januari hiyo hiyo kipa kijana, Jordan Binnington, alianza mechi yake ya kwanza na akawa kipa namba moja. Kocha alibadilika, kipa akabadilika, na subira ikawepo. Sisi tumelikumbuka la kwanza tu.

Mtibwa yenyewe imewahi kuuelewa ukweli huu. Mecky Mexime alikuwa nahodha kabla ya kuwa kocha wake, mpaka alipokwenda Kagera Sugar mwaka 2016. Salum Mayanga alitoka kwenye benchi la Mtibwa kwenda kuinoa Taifa Stars mwaka 2017. Katwila naye alitoka uwanjani. Kwa miaka mingi nguvu ya klabu hii ilikuwa kuwarithisha benchi watu wanaoijua njia ya Manungu, huku timu yake ya vijana wa chini ya miaka 20 ikitwaa ubingwa wa taifa zaidi ya mara moja. Kocha aliyekuja alikuta nyumba ina msingi.

Maswali matatu ya jukwaani

Simwombi shabiki anyamaze. Timu isiyo na mashabiki wa kuihoji hufa kimya kimya, na Morogoro inajua uchungu huo: Mseto na Reli leo tunazisimulia tu. Ninachomwomba ni kubadili swali. Badala ya kuuliza "anaondoka lini?", aulize haya.

La kwanza: je, tunafungwa kwa sababu tunacheza vibaya, au tunacheza vizuri na tunafungwa? Hesabu nafasi za kufunga tulizotengeneza na tulizoruhusu katika mechi kumi, si mbili. Timu inayotengeneza nafasi nyingi kuliko inazotoa itarudi juu. Timu inayoruhusu nafasi nyingi kila Jumamosi ina ugonjwa, hata kama juzi imeshinda kwa penati.

La pili: anayeingia anakuja na nani, ana leseni gani, na atapewa nini? Leseni za CAF zina ngazi zake, kuanzia D hadi Pro, na kocha wa makipa au wa viungo asiye na mafunzo yake anaweza kubomoa kile ambacho kocha mkuu anajenga.

La tatu, ambalo ni zito kuliko yote: nani aliyesajili? Kikosi kikiwa chepesi, hata ukileta makocha watano kwa msimu utakuwa unabadilisha mpishi huku gunia la unga likiwa tupu. Swali hilo linaelekezwa kwa uongozi, na linahitaji sauti kubwa kuliko ile tunayompigia kocha.

Msimu wa 2024/25 Mtibwa ilitwaa ubingwa wa Championship na kurudi Ligi Kuu baada ya mwaka mmoja tu. Watu wa Turiani hawakushangaa sana. Wao wanajua kwamba muwa ukikatwa, shina lililobaki ardhini huchipua, na mavuno ya pili hutoka kwenye mzizi ule ule bila kupandwa upya. Panga halidhuru shamba maadamu halijagusa shina. Siku benchi litakapobadilishwa tena, na litabadilishwa, mtazame kwanza aliyeshika panga, kisha inameni muone amekata wapi.