Jeraha la Kichwa, Mcharuko wa Ubongo na Dawa za Kolesteroli

Mgema wa Kakuyuni huukwea mnazi kwa vidato vilivyochongwa kuanzia shinani, kotama kiunoni na kibuyu ubavuni. Mvua ikinyesha usiku, vidato huteleza asubuhi. Akianguka na kichwa kikatangulia, watu wa nyumbani huuliza swali moja: je, damu imevilia kichwani? Swali hilo ni la haki, ila linaacha nusu ya habari. Katika makala haya tunakusudia kuieleza nusu iliyobaki, yaani yale ambayo ubongo hujitendea wenyewe baada ya pigo kwisha, na sababu ya dawa iliyobuniwa kwa ajili ya moyo na mishipa kuingizwa katika mjadala huo. Aidha, tutagusia istilahi, kwani hapa suala la lugha na suala la tiba yamefungamana.

Wataalamu hutofautisha madhara ya awali na madhara ya baadaye. Yale ya awali hutokea papo hapo: fuvu hupasuka, mishipa hukatika, nyuzi za neva hunyofoka. Hayo yakishatendeka yametendeka. Madhara ya baadaye huanza dakika chache baada ya ajali na yaweza kuendelea kwa siku nyingi, hata miezi. Seli zilizovunjika humwaga vilivyomo ndani yake. Walinzi wa ubongo, seli ziitwazo mikroglia, huamka na kutoa sitokini, ambazo ni kemikali za kuitana. Kuta za mishipa midogo hulegea, maji hupenya, na chembe nyeupe za damu hufuata. Mguu ukijeruhiwa huvimba nje. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Shinikizo hupanda, damu safi hushindwa kuingia, na seli zilizosalimika pigo la kwanza huanza kufa. Hata hivyo, walinzi hao hao ndio wanaozoa mabaki na kuandaa uponaji. Kuwanyamazisha kabisa si jambo la kutamani.

Hali hii tuiiteje? Wengi husema “uvimbe”. Lakini uvimbe ni jina la saratani, la jipu, na la maji yaliyojaa katika tishu. Msikilizaji atajuaje lipi limekusudiwa? Jamaa akiambiwa mgonjwa “ana uvimbe kwenye ubongo”, huenda akarudi nyumbani akiamini kuwa mgema alikuwa na saratani tangu zamani. Baadhi ya waandishi hutumia “mcharuko”, kutokana na kitenzi kucharuka, na sisi tunalipendelea neno hilo kwa sababu linabeba dhana ya mwili kupandwa na ghadhabu. Kwa upande wa kolesteroli, wapo wanaoiita “lehemu”. Fundi wa mabati wa Malindi atashangaa kusikia kwamba lehemu yake imo katika damu ya watu! Tumebaki na neno kolesteroli.

Dawa zinazozungumziwa ni jamii ya statini. Katika miaka ya 1970, Mjapani Akira Endo aligundua ndani ya kuvu kitu kinachozuia kimeng'enya ambacho ini hukitegemea kutengeneza kolesteroli. Lovastatini, nayo pia ya asili ya kuvu, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987. Baadaye zikaja simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini. Kimeng'enya hicho kimo mwanzoni mwa njia ndefu. Kolesteroli ni zao lake moja tu. Mazao mengine husaidia protini ndogo zinazopeleka amri za mcharuko ndani ya seli. Kuziba njia mwanzoni kunapunguza yote mawili. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa.

Katika maabara, panya waliojeruhiwa ubongo wakapewa statini walipata nafuu kuliko wenzao. Uchunguzi wa rekodi za wazee wa Marekani nao ulionyesha kuwa waliokuwa wakitumia statini kabla ya kujeruhiwa kichwa walifariki kwa uchache zaidi. Lakini mzee anayemeza dawa yake kila siku aghalabu ndiye anayehudhuria kliniki na kutunzwa vyema. Nani atajua kilichomwokoa? Majaribio ya binadamu yaliyofanywa mara tu baada ya jeraha yamekuwa madogo mno. Kwa damu inayovilia polepole chini ya utando wa ubongo, jaribio la China lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa wapatao 200, lilionyesha atorvastatini ikisaidia kuipunguza. Kinyume chake, jaribio la STASH la mwaka 2014, lenye wagonjwa 803 waliovuja damu kuzunguka ubongo, halikuona faida yoyote ya simvastatini.

Yafaa tukumbuke jaribio la CRASH. Kwa miaka mingi madaktari waliwapa majeruhi wa kichwa dawa za steroidi, kwa hoja ile ile ya kutuliza mcharuko. Majaribio madogo hayakutoa jibu. Watu 10,008 walipochunguzwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2004: ndani ya majuma mawili walifariki asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, dhidi ya asilimia 17.9 ya wasiopewa. Hoja ilikuwa nzuri, na watu walikufa kwayo.

Kwa hiyo tembe za kolesteroli za babu si huduma ya kwanza ya aliyeanguka mnazini. Linalojulikana ni kwamba saa za mwanzo zina thamani: shingo isitikiswe, pumzi isizibwe, na safari ya kwenda hospitali ya Malindi isingoje kuona kama ataamka mwenyewe. Akiwa tayari alikuwa akitumia statini kwa maagizo ya daktari, jamaa wachukue pakiti ya dawa hiyo pamoja na dawa zake nyingine, wamwonyeshe daktari, naye ndiye ataamua iendelee au isimame.