Fundi wa nyuma ya nyumba atoe kazi yake mbele ya watu

Mu kila avenue ya Kindu, tangu Kasuku mpaka Mikelenge, na ng'ambo ya Lualaba ku Alunguli, kuko mtu mmoja ambaye majirani wote wanamjua. Redio ikinyamaza, toshi ikikataa kuwaka, simu ikikosa kushika moto, wanamtuma mtoto kwake. Mara nyingi hana diploma yoyote ya ufundi. Alijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena. Mchana anatengeneza vya watu ili apate faranga ya kula. Usiku, kama bateri ingali na nguvu, anatengeneza vya kwake: taa, ventileta, pompi ndogo, kitu ambacho hakuna mtu alimuomba.

Ile ya usiku, nani anaiona? Hapo ndipo kuko shida. Fundi akihama ao akifa, kazi yake inaisha naye, na kijana wa avenue ya pili anaanza tena toka mwanzo, na makosa yale yale.

Ndugu zetu wa inchi zingine walitafuta dawa ya jambo hili. Mwaka 2009, mu Accra, Ghana, walianzisha maonyesho yanayoitwa Maker Faire Africa. Mwaka 2010 yakafika Nairobi, ku uwanja wa Chuo Kikuu, kisha Cairo mwaka 2011 na Lagos mwaka 2012. Haikuwa foire ya makampuni yenye kuuza magari. Mtu alikuja na kitu alichotengeneza kwa mikono yake, akakiweka juu ya meza, watu wakapita, wakakishika, wakauliza: kinatembea namna gani? Ulitoa wapi vyuma? Mbona usiweke hivi?

Mambo mengi ya namna hiyo yanaanzia mu takataka. Mu Kenya, karibu na mbuga ya Nairobi, kijana wa Kimasai anayeitwa Richard Turere alipewa kazi ya kulinda ngombe za baba yake. Simba walikuwa wanakuja usiku. Aliona kwamba simba anaogopa mwanga unaotembea, lakini mwanga uliosimama fasi moja anauzoea. Basi akachukua bateri ya zamani ya gari, pano ya jua, kile kidude kinachofanya taa za pikipiki ziwake na kuzima, na balbu za toshi zilizoharibika. Akazipanga kuzunguka zizi, zikawa zinawaka kwa zamu sawa vile mtu anatembea na toshi. Mwaka 2013 alisimama mbele ya watu huko Marekani akaeleza kazi yake. Hapo akasimulia pia kwamba alijifunza umeme kwa kufungua redio mpya ya mama yake, na siku ile mama alikasirika kabisa, karibu amuue.

Wamama wetu wanaosoma ukurasa huu wanajua hasira ile. Redio ni mali, na hakuna anayesema mtoto aharibu vitu vya nyumba. Lakini kuko mtoto anayeharibu juu ya mchezo, na kuko mwingine anayefungua ili ajue. Yule wa pili mpe redio iliyokufa tayari, na sanduku la kuwekea visi, uone atafika wapi.

Tuangalie kitu kingine, karibu zaidi na maisha ya hapa. Mwaka 2009, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walitengeneza sharjeri ya simu inayopata nguvu toka dinamo ya kinga. Waliitengeneza na vipande vilivyotolewa mu vyombo vya zamani, na bei yake ilikuwa shilingi 350 za Kenya, karibu dola 4 na nusu. Ukipiga pedali saa moja hivi, simu inajaa. Mu muji ambamo watoleka wanabeba watu na mizigo juu ya kinga, na kuran haifiki mu kila nyumba, kila mtu anaweza kuona faida yake.

Lakini usikimbie kuunganisha dinamo na simu kwa waya mbili tu. Nguvu ya dinamo inapanda ukikimbia na inashuka ukienda polepole, tena inageuka-geuka, haitembei upande mmoja sawa nguvu ya bateri. Simu inataka volti 5 zilizotulia. Katikati inapashwa kuwa na diode 4 za kunyoosha ule umeme, kondensateri ya kuutuliza, na regilateri ya kuushikilia ku volti 5. Bila hivyo utaunguza simu. Fundi mmoja akijua hilo, na akilionyesha mbele ya watu, simu nyingi zitapona.

Maonyesho yana kazi nyingine, na pengine ndiyo kubwa zaidi: yanapima. Ku Lagos mwaka 2012, wasichana wanne wa shule walileta mashine ya kutoa umeme mu mkojo. Walisema litre moja inatoa umeme wa masaa 6. Habari ikazunguka dunia nzima. Kisha watu wa sayansi wakahesabu. Ili kutenganisha hidrojeni na mkojo, unapashwa kuingiza umeme kwanza, na umeme unaoingia unapita ule unaotoka. Wasichana hawakuwa wanadanganya: walifanya kazi ya kweli, wakaunganisha vyombo vigumu, na umri wao ulikuwa miaka 14 na 15. Lakini hesabu ilibaki hesabu. Kama mashine ile ingebaki nyuma ya nyumba, nani angewaeleza? Na kwetu, ni mara ngapi mtu anakuja kuuzia wachimbaji mashine ya "kuvuta zahabu" ao ya "kuona madini chini ya udongo", na hakuna mtu anaithubutu kuipima mbele ya wote?

Tusifikiri akili hii ni ya wageni. Chukudu ya Goma, ile ya mbao yenye magurudumu mawili, haikutoka mu kiwanda chochote. Watu wa Kivu waliitengeneza wenyewe, wakaivalisha mpira wa matairi ya zamani, na mpaka leo inabeba mizigo ya mamia ya kilo. Goma wameisimamishia sanamu mu muji. Kinshasa nako, injinia Thérèse Izay Kirongozi alitengeneza maroboti makubwa ya kuongoza magari barabarani, yanayokula nguvu ya jua. Ya kwanza yalianza kazi mwaka 2013, na Lubumbashi nayo ikapata yake. Vilevile Jean-Patrice Keka alijaribu roketi zake za Troposphere huko Menkao. Mwaka 2009 moja ilibeba panya, ikaenda kombo, ikaanguka. Watu walicheka. Lakini alijaribu mbele ya macho ya wote, na kila mtu aliona kilichoshindikana.

Sasa tuje ku machimbo. Fasi kunachimbwa zahabu, kuko watu wanaotumia zebaki, ile wengi wanaita merkiri, ili kukamata zahabu ndogo-ndogo. Kisha wanaweka lile donge mu sahani na kulichoma, mara nyingi ndani ya nyumba ao jikoni, watoto wakiwa hapo. Zebaki inachemka ku digri 357. Inapanda sawa moshi usioonekana vizuri, inaingia mu mapafu, inakaa mu ukuta, mu nguo, mu chakula. Inaleta kutetemeka kwa mikono na kusahau, na inaharibu ubongo wa mtoto angali mu tumbo la mama. Juu ya hiyo, mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kazi mwaka 2017, unataka kuondoa kabisa kuchoma donge waziwazi, na kulichoma mu makao ya watu.

Kuko chombo ambacho soderi yeyote wa Kindu anaweza kukitengeneza. Wanakiita retorti. Ni kikopo cha chuma kizito chenye kifuniko kinachofunga kabisa, na tiyo moja ya chuma inayotoka juu na kuinama chini. Donge linaingia ndani, moto unakuwa chini ya kikopo, mvuke unapita mu tiyo. Tiyo inapozwa na kitambaa chenye maji, zebaki inarudi kuwa maji-maji na kudondoka mu beseni. Retorti iliyofungwa vizuri inarudisha zaidi ya tisa ya kumi ya zebaki iliyokuwa mu donge. Kile ulichokuwa unapoteza mu moshi, unakitumia tena: ni faranga zinazobaki mu mufuko.

Ila kuko masharti. Tiyo isiwe ya galvanize, juu zinki na zebaki zinashikana. Ncha ya tiyo isizame mu maji, juu kikopo kikipoa kinaweza kuvuta maji ndani na kupasuka. Usifungue kabla hakijapoa kabisa. Fanya kazi inje, mbali na nyumba, upepo ukitoka mgongoni mwako, watoto na wamama wenye mimba wasiwe karibu. Na chombo kile kisirudi jikoni hata siku moja. Retorti inapunguza sumu, haiiondoi yote.

Chombo cha namna hii ndicho kingefaa kukaa ku meza ya kwanza ya maonyesho mu Kindu. Haiombi bajeti ya serkali. Uwanja wa shule siku ya posho, meza za kanisa, majina ya mafundi juu ya karatasi. Kila mmoja aandike vitu vitatu: vipande alivyotumia, bei yake, na kile ambacho bado hakijatembea vizuri. Aache kopi ya mchoro ku shule, ili kijana mwingine aendelee. Wachimbaji wapewe nafasi ya kwanza ya kuuliza, juu wao ndio watakishika chombo mu tope na mu giza. Bateri za asidi na mambo ya moto yapimwe pembeni, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Na kwa retorti, mutu asilete zebaki: maji ya kawaida yanatosha kuonyesha namna mvuke unapita na kurudi.

Unamjua fundi wa avenue yako. Wiki hii, ukimpelekea toshi, muulize anatengeneza nini usiku.