Kutua Ndege Si Mchezo: Hapa Ndipo Mapailoti Wanafunzi Huchomeka

Wasee wa Old Town wanajua kaskazi na kusi kwa sababu ya majahazi. Basi upepo huo huo ndio huwatoa jasho wanafunzi wa urubani wakiwa wamebakisha sekunde chache kugusa chini.

Na si noma ya pailoti peke yake. Januari 10, 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kwa barabara ya kuja Mombasa. Mwalimu na wanafunzi wake wawili walitoka hai. Waliokufa ni watu watatu waliokuwa zao chini. Chanzo tuwaachie wachunguzi, lakini ujue kwamba hata wewe uliye kwa boda uko kwa hii story.

Sasa kutua kwenyewe. Cessna 172, ile ndege ya watu wanne inayopendwa na shule nyingi, huja chini kwa kama kilomita 120 kwa saa. Ikikaribia lami, pailoti anapunguza injini na kuinua pua polepole, matairi ya nyuma yaguse kwanza. Ukiinua mapema, mwendo unakwisha ungali juu na ndege inadondoka pu! Ukichelewa, tairi la pua ndilo linagonga, na hilo halikuundwa kubeba huo mzigo.

Halafu kuna kudunda. Ndege ikiruka baada ya kugusa, mgeni anashtuka, anasukuma pua chini. Inagonga tena, inadunda zaidi. Ikiendelea hivyo, tairi la pua linavunjika na propela inalima lami.

Upepo nao? Njia kuu ya Moi International, kule Port Reitz, imelala kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi. Kaskazi unakuja uso kwa uso, poa sana. Kusi unakupiga ubavuni, kwa hiyo lazima ulaze bawa upande wa upepo huku miguu ikinyoosha pua.

Dawa ya haya yote ni moja: ukiona mambo si mambo, weka nguvu yote, panda, zunguka, jaribu tena. Kinachozuia ni aibu tu. Msee amelipia kila saa kwa doh ndefu, mwalimu anamcheki, anaona kuzunguka ni kufeli. Wapi! Hata mapailoti wa ndege kubwa za abiria hufanya hivyo. Siku ukiwa ndani usikie injini zimenguruma ghafla na Mombasa inarudi chini yako, tulia, maze. Huyo pailoti anajua kazi.