Muiri: Gome Ndilo Letu, Dawa Ni Yao

Kwa miongo kadhaa sasa, viwanda vya Ufaransa, Italia na Hispania vimetengeneza dawa za kupunguza kero za kuvimba tezi dume kwa kutumia gome la mti wa milima ya Afrika. Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin tenduet, na wataalamu Prunus africana. Humea Mlima Kenya, Mau na Kilimanjaro, hadi Kamerun na Madagaska. Ukilivunja gome lake bichi, pua inapokea harufu kali ya lozi chungu.

Wazee wetu walilichemsha kutibu homa, maumivu ya tumbo na shida za mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat akapata hataza ya dawa itokanayo na gome hilo. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ya majaribio 18, yaliyohusisha wanaume 1,562, yalionyesha nafuu ya wastani: kuamka usiku kwenda haja ndogo kulipungua kwa takriban asilimia 19. Dawa haiponyi, lakini aliyekosa usingizi kwa maradhi hayo anajua thamani ya nafuu hiyo.

Tatizo liko kwenye mizani. Kilo 2,000 za gome bichi zikikauka hubaki 1,000, na kiwandani hutoa kilo 5 tu za dondoo. Anayepanda mlimani na panga analipwa kwa uzito wa gome. Mwenye mtambo anauza hizo kilo 5. Sisi tumekaa upande wa mizigo.

Kamerun ilionja uchungu wake. Utaratibu mzuri ni kuchuna robo mbili za shina zinazoelekeana, kisha kuuacha mti miaka kadhaa ujifunike gome jipya. Leseni zilipoongezwa kuanzia 1985, wengi walichuna shina zima kulizunguka, wengine wakakata mti kabisa ili wafikie matawi. Mti uliovuliwa gome pande zote hufa, kwa kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena mizizini. Tangu 1995 biashara hii iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisitisha kununua gome la Kamerun.

Marufuku peke yake hayaoteshi mti. Muiri unakubali kupandwa shambani, hata kati ya mikahawa, na huweza kuanza kuchunwa ukifika miaka 12 hadi 15. Mbegu zake hazihifadhiki: zisipopandwa mapema baada ya tunda kuiva, hazioti. Kwa hiyo vitalu viwe karibu na wakulima, na vyama vya ushirika vya kahawa vina mashamba, wanachama na ghala tayari. Serikali za Afrika Mashariki zianze na miche, kisha zitafute mwekezaji wa mtambo wa dondoo hapa hapa, kabla msitu haujaisha.