Gramu 705 za Ivuna

Kimondo cha Mbozi kimetupotosha. Kwa kuwa ni pande la chuma lenye tani zaidi ya kumi, tumezoea kudhani kila kimondo ni chuma na ukubwa ndio thamani. Lakini kusini-magharibi humohumo mwa Tanzania, tarehe 16 Desemba 1938, kilianguka kimondo cha Ivuna: gramu 705 tu, cheusi, chenye kumeguka. Kundi adimu la vimondo liitwalo CI lilipata ile herufi I kutoka jina lake. Karibu asilimia 3 ya uzito wake ni kaboni, na kaboni hiyo husemeshwa kwa moto.

Mnunuzi wa nguo katika soko la Shisanhang, Guangzhou, China, akitilia shaka kitambaa anaweza kuunguza uzi mmoja: pamba hunuka kama karatasi, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Maabara hufanya vivyo hivyo, ila bila hewa. Miligramu chache za unga wa jiwe hupashwa moto ndani ya heliamu, maana penye oksijeni kaboni ingegeuka kaboni dioksidi na ushahidi ukapotea. Kwenye nyuzi 300 hivi hutoka molekuli zilizojibanza tu. Joto likipita 600, lile donge lisiloyeyuka, lenye sehemu kubwa ya kaboni, hukatika vipande: benzini, tolueni, naftalini. Mvuke hupita kwenye mrija wenye urefu wa makumi ya mita, mwembamba kama unywele, kila molekuli ikichelewa kwa kadiri yake, kisha hupimwa uzito.

Mtu atasema moto wenyewe unaweza kuziunda molekuli hizo. Ni kweli, ndiyo maana joto hupandishwa kwa ngazi, na chombo kitupu huchomwa kwanza kwa kulinganisha. Pingamizi zito zaidi ni uchafu wa duniani. Mwaka 1961 watafiti Claus na Nagy walidai kuona mabaki ya viumbe katika Ivuna na katika kimondo cha Orgueil cha Ufaransa. Baadaye ikaonekana baadhi ya vitu vya Orgueil vilikuwa chavua. Hapo ilikosea darubini, si tanuri. Jibu lenye nguvu lilikuja mwaka 2020, chombo cha anga cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 za asteroidi Ryugu zisizoguswa na mvua yetu: zilifanana sana na kundi la Ivuna, na zilikuwa na asidi za amino.

Mbinu hiyohiyo hutambua rangi za picha za kale, plastiki, miamba ya mafuta. Roboti Curiosity inayo tanuri yake kule Mirihi. Na Ivuna? Tangu 2008 kipande chake kimo London, kikitunzwa ndani ya naitrojeni, wakati wengi wetu hatujawahi kulisikia jina hilo darasani.